Mtandao Bila Picha

Mama Dirisha anasema mimi ndiye niliyeua mtandao wa baraza.

Anasema aliniona kwa macho yake mawili, siku ya Jumamosi, jua likiwa limeshahamia upande wa pili wa barabara. Yeye alikuwa dirishani kwake kama kawaida, ameegemea ule mto wake mwekundu uliochanika pembeni. Anasema nilisimama mbele ya ukuta, nikainua mkono, nikagusa shavu langu kwa vidole viwili, na kabla sijaushusha ule mkono, taa ya kijani kwenye kisanduku cha ukutani ikazima. "Ikazima pu, kama mshumaa uliopulizwa," anasema. Watu wote waliokuwa pale wakaanza kutazamana na kuzipigapiga simu zao mapajani. "Na yeye kasimama vilevile, mkono shavuni, hata haya hana. Kaunywa mtandao wote peke yake, kaumaliza."

Amelisimulia hilo kwa muuza vocha, kwa wanawake wa bombani, na kwa mgeni mmoja aliyekuja kuuliza njia tu. Kila akilisimulia linanenepa. Mara ya mwisho kulisikia, nilikuwa na simu mbili.

Sijambishia. Mkono niliinua kweli, na taa ilizima kweli. Kilichokuwa katikati ndicho ambacho hakuna aliyeniuliza.

Ukuta wenyewe ni wa nyuma ya ofisi za baraza la mji, unaotazama bomba la maji la umma. Baraza lilipoleta mtandao wa bure, kisanduku walikifunga pale juu ya bomba, nadhani kwa sababu nguzo ya umeme ilikuwa karibu. Basi watu wakaja na simu mahali walipozoea kuja na ndoo, na wakaja na sheria za ndoo. Ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Mwenye mgonjwa anatangulizwa. Anayechota kwa ajili ya biashara anawangoja wa nyumbani wamalize. Na mtu akiwa na jambo zito la kutuma, wengine wanazima simu zao ili apate nguvu, kama unavyofunga koki moja ili ya pili itoe vizuri.

Siku moja fundi mitambo wa baraza alipita, akatukuta tumepanga mstari, akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema mtandao hauna foleni, tumieni wote kwa pamoja. Tukamwitikia, ndiyo, tumekuelewa, asante sana. Alipokunja kona fundi viatu akainua kichwa, "Haya, wa mwisho alikuwa nani?"

Fundi viatu ndiye msimamizi. Hakuna aliyemteua. Kibanda chake kiko chini kabisa ya kisanduku, na alikuwa akisimamia ndoo hata kabla ya simu. Mimi ninafanya kazi upande wa pili wa barabara, kwenye duka la kushona nguo. Natia vifungo, napiga pindo, nafumua pale bosi alipokosea. Ukikaa dirishani na sindano unaona mengi. Nilikuwa namwona fundi viatu akigawa zamu, na hakuwahi kumpendelea mtu, hata mkewe.

Zamu yangu ilikuwa Jumamosi mchana, na ilikuwa ya dada yangu.

Dada yangu hasikii. Homa ilimchukulia masikio kabla hajajua maneno, kwa hiyo hata kusema hasemi. Shule walisema hawana la kumfanyia, na mama akaona heri abaki nyumbani kuliko kwenda kuchekwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Nilijaribu kumfundisha herufi, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto anayepika udongo. Herufi ni sauti, na sauti yeye hana.

Lakini maneno tulikuwa nayo. Tuliyatengeneza wenyewe, jikoni na kitandani, moja baada ya jingine, kwa mikono. Mvua ni vidole vikishuka juu ya kichwa. Mama ni kufunga kitambaa. Mwenye nyumba ni tumbo, halafu mkono unaodai. Mimi ni kidole gumba mdomoni, kwa sababu nilinyonya kidole mpaka ukubwani. Yeye ni vidole viwili shavuni, halafu kiganja kinatupa maji hewani, maana alipokuwa mdogo akiogeshwa alipenda kurushiwa maji usoni, akacheka ile sauti yake ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

Akinitaka nimgeukie alikuwa anagonga mbao za kitanda. Alijua mimi nasikia. Kama nimelala nimempa mgongo, kama nimekasirika, alikuwa anagonga kwa kucha mpaka nigeuke. Kugonga kwake kulikuwa na maana hiyo moja tu.

Mama aliijua lugha yetu nusu. Sasa mama hayupo. Tumebaki wawili tunaoijua hapa duniani.

Dada alipata kazi mji wa mbali, kwa dobi mkubwa anayefulia mahoteli. Anapiga pasi mashuka. Zile mashine zina kelele ambayo wengine wanaikimbia, yeye haimsumbui, na bosi wake anamsifia. Kule mtandao upo mpaka vyooni. Shida ilikuwa ni upande wangu. Baraza lilipofunga kile kisanduku ukutani, nilimwona dada kwa mara ya kwanza tangu apande gari. Alikuwa amenyoa nywele. Nikamwambia, umekuwa kama yai. Akanitukana kwa mikono yote miwili.

Sisi tukiongea tunahitaji mikono yote, kwa hiyo simu lazima isimame yenyewe. Fundi viatu alinitafutia dawa. Aliweka kiatu kikubwa cha kiume juu ya kigoda, nikachomeka simu ndani ya kiatu, ikasimama wima kama mtu kwenye kiti. Kila Jumamosi alinichagulia kiatu. "Leo nimekuwekea cha mheshimiwa," anasema, "usije ukamwambia dadako mambo ya ovyo."

Nami nikasimama mbele ya kiatu, nikaongea. Mikono huku, mikono kule. Watu wakanipa jina: Trafiki.

"Trafiki, tuvushe basi!"

"Trafiki, hilo gari limepita bila taa, unaliacha?"

Nilikuwa nacheka nao. Hawakujua naongea na nani, walidhani ni mchezo wa mitandaoni, kwamba najirekodi. Sikuwaeleza. Nyumbani nina chumba kimoja na kitanda chenye nafasi ya pili, na wiki nzima neno refu ninaloambiwa ni la bosi kuhusu vifungo. Kutaniwa pale ukutani kulinitosha kuwa mazungumzo.

Jumamosi ile dada alikuja kwenye kioo akiwa amechoka. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema hapana. Akaniambia kule wakimtaka wanazima taa na kuwasha. Au wanamrushia taulo bichi mgongoni. Akasema si watu wabaya, wana haraka tu, na yeye akigeuka wanamwonyesha shuka, anapiga pasi, basi. Akasema tangu asubuhi taa imezimwa na kuwashwa mara nyingi. Akasema, mimi sasa nimekuwa mtu wa kuitwa kwa taa.

Halafu akasogea karibu mpaka uso wake ukajaa kioo, akaniambia: niite.

Yaani nitaje. Jina lake. Hakuna mwingine anayelijua.

Nikaweka vidole shavuni. Hapo ndipo taa ya kijani ilipozima. Dada akaganda ndani ya kiatu, macho wazi, anangoja maji.

Hilo ndilo Mama Dirisha aliloliona.

Siku ile haikuniharibikia mimi peke yangu. Binti wa fundi viatu alikuwa ukutani tangu asubuhi anaomba nafasi ya chuo, na ilikuwa siku ya mwisho kuomba. Alikuwa anaingiza jina, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, anarudi mwanzo. Alikaribia kumaliza. Nilimwona akikaa chini ukutani, kanga imefunika uso. Jumatatu nilipovuka barabara kumsalimia baba yake, aliitikia bila kuinua kichwa, na kigoda kilikuwa kimegeuzwa miguu juu.

Baraza likaitisha mkutano ukumbini. Tukaketi kwenye viti vya plastiki. Diwani wetu ni mama mwenye sauti nzito, hahitaji kipaza sauti, lakini alikishika. Fundi mitambo akaeleza kwamba mtambo ulipata joto ukakata. Wakati ule kulikuwa na mpira, watu wengi walikuwa wanaangalia mechi kwenye simu, na wengine wanapiga simu za picha. "Picha ndizo zinazolemea," akasema.

Mama Dirisha akageuka akanitazama, kisha akawatazama jirani zake wa kulia na kushoto, ili waone kuwa alisema kweli.

Muuza vocha akasimama wa kwanza. "Mheshimiwa, mimi nauliza, kazi ya baraza ni nini? Mimi najua ni takataka na mitaro. Mtaro mbele ya duka langu umeziba, mbu wanazaana mpaka wana wajukuu. Mnauacha, mnakuja kugawa mtandao! Mtandao una wenyewe. Anayetaka, makampuni yapo, anunue."

"Anunue kwako!" akadakia mwanamke mmoja wa bombani. Ukumbi ukacheka. Yule mama hakukaa. "Na maji mlituambia hivyohivyo. Mkasema yaacheni, wenye magari ya maji watawauzia. Wakatuuzia! Tukaoga kwa kikombe. Mpaka baraza lilipoleta bomba ndipo tukapumua. Leo mtoto anaomba chuo kwa mtandao, cheti cha kuzaliwa ni mtandao, hata kulipa kodi yenu nyinyi ni mtandao. Mnataka tuoge kwa kikombe tena?"

"Maji ni uhai," muuza vocha akasema. "Mpira wa simu ni uhai?"

"Muulize mume wangu."

Wakacheka tena. Diwani akagonga meza. Akasema njia ziko tatu. Kufunga kabisa, yeye hataki. Kununua mtambo mkubwa, bajeti ya mwaka huu imeshapita. Au kuzuia picha zinazotembea, ibaki meseji, sauti, na mambo ya maana.

Fundi viatu akasimama. Ni mtu ambaye hasimami mikutanoni. Alivua kofia. "Mimi ninakaa pale," akasema. "Nawaona wote. Sina ugomvi na mtu. Lakini mtoto wangu amekosa mwaka mzima kwa ajili ya watu kuangalia picha. Zifungeni. Mwenye shida na awe mbele ya mwenye starehe, kama bombani."

Wakampigia makofi. Hata mimi mikono yangu ilitaka kupiga. Alichosema kilikuwa kweli, ila mimi alinipanga mstari usio wangu.

Nikanyoosha kidole. Diwani akanipa ruhusa kwa kidevu. Sijazoea kuongea mbele za watu, sauti ilitoka ndogo.

"Mheshimiwa, naomba saa moja. Jumamosi. Picha ziachwe saa moja tu."

"Za nini, binti yangu?"

"Naongea na dada yangu."

Muuza vocha akageuka, na hakuwa na ubaya. "Sasa dada, si umpigie simu ya kawaida? Njoo dukani, vocha nitakupa mwenyewe."

"Hasikii."

"Basi mwandikie meseji."

"Hajui kusoma."

Nyuma kabisa mtu akasema taratibu, "Kumbe ndiyo utrafiki wenyewe ule." Hakuna aliyecheka. Mama Dirisha akashika kifua, akasema, "Maskini," na neno likapita kiti hadi kiti, maskini, maskini, mpaka likamfikia fundi viatu, ambaye alikuwa anaikunja kofia yake na kuikunjua. Nilitamani wangesema Trafiki.

Diwani akamuuliza fundi mitambo kama inawezekana. Akajibu kwamba kuwezekana inawezekana, ila apate ruhusa.

"Ombi lako nimelisikia, binti yangu," diwani akasema. "Ila nikikufungulia wewe saa moja, kesho watakuja wenye harusi, watakuja wa mpira, wote wana dada. Litapelekwa kwenye kamati. Sawa?"

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Sijawahi kuona mikono mingi hivyo ikisema neno moja. Fundi viatu aliunyanyua wa kwake akiangalia sakafu.

Mtandao ukarudi, mwepesi, unateleza. Binti wa fundi viatu alipata chuo kingine kidogo ambacho hakijafunga, na Mama Dirisha akapata habari nyingine. Siku hizi akiniona ananipungia mkono mkubwa, kama mtu anayempungia meli, kisha anasema kwa nguvu, "HUJAMBO?" Namwambia mimi nasikia, mama. Anasema najua, najua, maskini.

Kwenye kamati nilikwenda. Mwandishi wa ofisi alinijibu vizuri tu, haijakaa. Nikarudi, haijakaa. Siku nyingine alinihurumia, akatoka nje na mimi hadi mlangoni, akasema, "Dada, ikikaa utasikia."

Bando nilijaribu. Liliisha tukiwa bado tunatafutana, yeye anaonekana vipande vipande, jicho huku, kidole kule, kisha hakuna. Nikaona nimtumie picha ya kawaida, ile isiyotembea, maana hiyo mtandao wa baraza unaipitisha. Nikasimama dukani mbele ya kioo cha wateja, nikaweka vidole viwili shavuni, nikajipiga. Niliitazama kabla ya kuituma. Nikaona mwanamke ameshika shavu. Ya kutupa maji haikuwemo, haiwezi kuwemo. Nikaituma hivyohivyo, nikisema atajua.

Jibu lilikuja haraka. Alikuwa ameenda duka la dawa. Alinitumia picha ya kiganja chake na vidonge viwili vyeupe juu yake. Alidhani jino linaniuma.

Nilicheka peke yangu mpaka bosi akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Nikaendelea na vifungo. Baada ya hapo dada alinitumia tena kiganja, safari hii kitupu, kimefunguliwa. Sikujua kinasema nini. Kwetu neno halisimami, linatembea.

Jumamosi iliyopita fundi viatu alivuka barabara. Havuki kwa kawaida, anaogopa kukiacha kibanda. Akasimama mlangoni mwa duka, amebeba kiatu chini ya kwapa, kikubwa, cheusi, kimepakwa rangi kinang'aa.

"Mwanangu," akasema, "jaribu. Wale watu wa baraza ni wasahaulifu. Pengine leo wamesahau kufunga."

"Hawajasahau, baba."

"Jaribu tu. Zamu yako ipo. Nimewaambia wa mwisho ni wewe."

Nikaenda. Kulikuwa na watu wachache, na wote walizima simu zao bila kuambiwa, wakazishika mikononi kama mtu anavyoshika ndoo tupu. Kigoda kilikuwa kimesimama sawa. Nikachomeka simu kwenye kiatu, nikapiga, nikarudi nyuma hatua mbili, mikono tayari.

Ikaita. Akapokea.

Kioo kikabaki cheusi. Chini yake maandishi madogo: picha haipatikani. Nikajua na kwake ni hivyohivyo, cheusi na maandishi ambayo hawezi kuyasoma.

Lakini sauti ilikuja. Sauti hawakuifunga. Nikasikia mvuke wa pasi ukipumua. Nikasikia magurudumu ya kigari cha mashuka, na mtu anamwita mwenzake kwa jina, jina refu zuri. Halafu karibu kabisa nikamsikia yeye, anavyopumua kwa pua akitazama kitu kwa makini. Nimelala karibu na pumzi ile utoto wote. Yuko pale. Ameushika uso wa simu, anatafuta.

Nikainua mkono. Vidole viwili shavuni. Nikarusha maji. Nikarudia. Mbele yangu kiatu cheusi na kioo cheusi.

"Anakuona?" fundi viatu akanong'ona.

Hapo ndipo ilipoanza. Kucha juu ya kioo. Ko, ko, ko. Ikanyamaza. Anajua mimi nasikia.

"Nani huyo anagonga?" akauliza fundi viatu.

Nikamwita tena, kwa mkono, mbele ya watu wote. Kisha nikamwita kwa mdomo, jina aliloandikiwa kwenye kadi ya kazini, kwa sauti kubwa, mpaka Mama Dirisha akasimama dirishani kwake.

Ko, ko, ko.